Nguvu, Msukumo na Wingi: Kufunga Mfumo Mpya wa Mafuta katika Magari Makongwe ya Arua na Koboko

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mfumo wa mafuta uliobuniwa upya unavyofungwa katika gari kongwe linalofufuliwa, kwa kuzingatia mazingira ya Arua na Koboko katika eneo la West Nile nchini Uganda. Mfano mkuu ni Land Rover ya petroli yenye injini ya lita 2.25. Pamoja na maelezo ya kiufundi, makala yanajenga hoja ya kiistilahi: kwamba neno nguvu, linapotumiwa karakana kwa sifa mbili tofauti za pampu, yaani msukumo wa mafuta na wingi wa mafuta, huzaa makosa ambayo matokeo yake ni moto. Inapendekezwa kuwa uundaji wa istilahi za ufundi uanzie mahali penye hatari.

Maneno ya msingi: gari kongwe, mfumo wa mafuta, pampu, kabureta, istilahi, Arua

1.0 Utangulizi

Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Julai 2020, ni mahali ambapo fundi wa magari hawezi kumaliza siku kwa lugha moja. Barabara ya magharibi inakwenda Kongo, kwenye masoko ya Aru na Ariwara. Ya kaskazini inapita Koboko hadi Oraba na kuingia Sudan Kusini kupitia Kaya. Mteja wa asubuhi huzungumza Kilugbara, wa mchana Kikakwa au Kinubi, wa jioni Kilingala au Kiarabu cha Juba. Kiswahili kiko katikati yao. Kiliingia kwa jeshi na kwa biashara, wala si kwa darasa: vijana wengi wa West Nile waliingia katika King's African Rifles, na humo amri zilitolewa kwa Kiswahili. Hadhi ya kisheria ilifuata baadaye na kwa kusitasita. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa; mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili; na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Mijadala yetu ya kitaaluma kuhusu Kiswahili nchini Uganda imejikita zaidi katika sera, shule na vyombo vya habari. Karakana haijatazamwa inavyostahili, ilhali huko ndiko lugha hii inakotumika kila siku kuelekeza mikono. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba kasoro ya istilahi karakana ni jambo zito kuliko kasoro ya istilahi darasani. Mwanafunzi aliyekosea maana ya neno hupoteza alama, lakini fundi aliyekosea maana ya neno pampu anapofunga mfumo wa petroli anaweza kupoteza gari na mtu aliye ndani yake.

Magari yanayohusika yanafahamika. Land Rover za mtindo wa Series, zilizotengenezwa hadi mwaka 1985, zilitumika katika serikali, misheni na jeshi kote Afrika Mashariki. Peugeot 504, ambayo ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na 1978 na ambayo iliunganishwa pia nchini Kenya, ilibeba abiria wa masafa marefu kwa miongo kadhaa. Gari la namna hiyo linapofufuliwa, bodi na rangi ndivyo vinavyopendeza macho. Lakini sehemu inayoamua kama litatembea salama ni ile isiyoonekana, kuanzia kifuniko cha tangi hadi kwenye kabureta. Vipuri vya asili vya sehemu hiyo ama havipatikani, ama vinapatikana kwa bei isiyolipika, ama vilisanifiwa kwa petroli ya zama nyingine. Ndiyo maana fundi hulazimika kubuni.

2.0 Mafuta kabla ya mfumo

Haifai kueleza mfumo wa mafuta wa Arua bila kueleza mafuta ya Arua. Wahindi walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, maduka ya vipuri na karakana zao ziligawiwa watu wengine, na waliofaidika na mgao huo walipachikwa jina la Kiswahili: mafuta mingi. Mwanasarufi atasema ingekuwa mafuta mengi. Ni kweli, lakini kosa hilo la upatanisho ni alama ya Kiswahili cha Uganda cha wakati ule, na kulisahihisha ni kufuta ushahidi. Neno jingine la zama hizo ni magendo, ambalo lilikuwa jina la uchumi mzima uliofanyika nje ya sheria.

Baada ya utawala wa Amin kuanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Waliporejea, vijana wasio na kazi waligeukia biashara ya kuvusha petroli kwa madumu kutoka upande wa Kongo na kuiuza kando ya barabara za Arua. Wakaitwa OPEC Boys, kwa mzaha uliochukua jina la jumuiya ya nchi zinazouza mafuta kwa wingi duniani. Kwa miaka mingi walikuwa sehemu ya uchumi na siasa za mji huo, na jina lao limeingia katika maandishi ya wataalamu wa uchumi wa mipakani.

Kwa fundi, historia hiyo ina maana ya moja kwa moja. Petroli iliyopita katika dumu hubeba maji, vumbi, kutu na mara nyingine mafuta ya taa yaliyochanganywa ili kuongeza faida. Serikali ya Uganda huweka kiashirio maalumu katika mafuta yaliyolipiwa kodi na kupima ubora wake kwa ushirikiano na Shirika la Viwango la Uganda, lakini kiashirio hicho hakimsaidii mtu aliye barabarani na chupa mkononi. Yeye ana vipimo viwili vya zamani. Petroli ikiachwa kwenye chupa ya kioo kwa muda, maji hushuka chini na mstari wa kuyatenganisha huonekana. Na tone la petroli safi likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe hukauka bila kuacha doa, ilhali lililochanganywa na mafuta ya taa huacha duara la mafuta. Mafuta ya taa hupunguza uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo, na injini huanza kugonga. Land Rover ya zamani, yenye mgandamizo wa 7 au 8 kwa 1, huvumilia kiasi. Injini ya kisasa isingevumilia.

Mabadiliko mengine mawili yalitoka nje ya mji. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na injini zilizosanifiwa kwa ajili yake zikapoteza kinga ya vikalio vya vali. Jambo hilo linahusu zaidi kichwa cha injini kuliko mfumo wa mafuta, hivyo tunaliacha. La pili linatuhusu: Sheria ya Nishati Mimea ya mwaka 2020 ilifungua njia ya kuchanganya ethanoli na petroli nchini Uganda. Ethanoli hufyonza maji kutoka hewani, hulainisha mipira ya kale na kung'oa uchafu uliogandamana ndani ya tangi kwa miaka mingi. Anayefunga mfumo leo akitumia mipira ya zama za Amin anajiandalia kazi ya kurudia.

Katika mji huu petroli yenyewe ina majina zaidi ya moja. Anayetoka Kongo huiita esansi, na dizeli huiita mazuti, kwa kufuata Kifaransa. Msemaji wa Kiarabu cha Juba ataiita banzini. Wote wakisema mafuta tu, bila kuongeza neno, wanaweza kumaanisha petroli, dizeli, mafuta ya injini au hata ya kupikia. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya karakana haihitaji kamusi yoyote: chombo kiandikwe kilicho ndani yake.

3.0 Tatizo la neno nguvu

Pampu ya mafuta ina sifa mbili ambazo hazitegemeani. Ya kwanza ni msukumo, yaani jinsi inavyoyabana mafuta dhidi ya kizuizi kilicho mbele. Ya pili ni wingi, yaani lita ngapi inazopitisha kwa dakika njia ikiwa wazi. Istilahi za fizikia zinatupa kanieneo kwa dhana ya kwanza, neno lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo. Ni neno zuri, na maana yake imo ndani yake. Hata hivyo, tatizo lake karakana ni kwamba halisikiki huko. Linalosikika ni presha, ambalo kwa watu wengi ni ugonjwa. Upepo, ambalo ni la matairi. Na juu ya yote nguvu.

Mtu akiingia dukani na kuomba pampu yenye nguvu, atapewa yenye msukumo mkubwa, kwa kuwa ndiyo ghali. Pampu hiyo kwa kawaida imetolewa kwenye gari la sindano za mafuta, na husukuma kwa kilopaskali 300 au zaidi. Kabureta huhitaji kati ya kilopaskali 14 na 28 hivi. Tofauti ni zaidi ya mara kumi, na ili kuelewa kwa nini inaua lazima tuingie ndani ya kabureta.

Ndani yake kuna bakuli dogo lenye boya. Mafuta yakijaa, boya huinuka na kusukuma vali ya sindano hadi izibe tundu la kuingilia. Tuchukue tundu lenye kipenyo cha milimita 2. Eneo lake ni takriban milimita za mraba 3.14. Kwa msukumo wa kilopaskali 20, mafuta hujaribu kuifungua sindano kwa kani sawa na uzito wa gramu 6 hivi, kazi ambayo boya dogo la shaba au plastiki huimudu bila shida. Kwa kilopaskali 300 kani hiyo huwa sawa na gramu 96. Boya halina uwezo huo. Sindano hubaki wazi, bakuli hufurika, na petroli hushuka juu ya injini, ambapo bomba la moshi lenye moto kali liko sentimita chache tu.

Je, wingi nao unahitajika kiasi gani? Injini ya lita 2.25 hutoa takriban kilowati 52 inapofanya kazi kwa uwezo wote. Injini za namna hii hutumia karibu kilogramu 0.3 za petroli kwa kila kilowati kwa saa, yaani kilogramu 15.6, ambazo ni lita 21 hivi kwa saa. Hiyo ni theluthi moja ya lita kwa dakika, tena kwa dereva anayekanyaga hadi mwisho akipanda mlima na mzigo. Pampu inayopitisha lita moja kwa dakika ina akiba ya mara tatu. Kuongeza zaidi ya hapo hakuongezi mwendo hata kidogo, kwa sababu injini huchukua inachohitaji na pampu hubaki ikisukuma ukuta.

Mwandishi anapendekeza kwamba katika mafunzo ya ufundi, jozi ya msukumo na wingi itumike badala ya nguvu, na kanieneo ibaki katika vitabu vya fizikia ambako ina wenyeji. Huenda wanaistilahi wakaona pendekezo hili ni la kurudi nyuma. Lakini istilahi hupimwa kwa kazi inayofanya: fundi aliyezoea kuuliza maswali mawili, msukumo kiasi gani na wingi kiasi gani, hawezi kuuziwa pampu isiyofaa kirahisi.

4.0 Tangi

Katika Land Rover fupi ya mtindo wa Series, tangi la lita 45 liko chini ya kiti cha kulia. Uganda usukani uko kulia. Dereva basi anakalia petroli, na hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini tangi lililooza halizibwi kwa sabuni na kutumainiwa.

Watu wengi huogopa tangi lililojaa kuliko tupu. Ukweli ni kinyume. Mvuke wa petroli huwaka unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Tangi lililojaa lina mvuke mzito kupita kiasi hicho na hewa kidogo. Tangi tupu lenye tone moja lililojificha kwenye kona lina mchanganyiko unaofaa kulipuka. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo asubuhi ya baridi ya Arua si kinga. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hutambaa sakafuni na kuingia mashimoni, mbali na mahali ulipotoka. Wapo wanaolijaza tangi moshi wa gari kabla ya kuchomelea, kwa imani kwamba moshi hufukuza hewa. Moshi wa injini isiyorekebishwa una hewa na petroli isiyoungua ndani yake, na njia hiyo haifai kuaminiwa. Ikiwa ni lazima tangi la zamani lichomelewe, lioshwe mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni, lipitishwe mvuke wa maji, kisha lijazwe maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea huku matundu yote yakiwa wazi. Tangi jipya ni rahisi kuliko mazishi.

Tangi jipya hupimwa kwa nafasi iliyopo. Sanduku la sentimita 70 kwa 35 kwa 25 lina lita 61. Lisijazwe zote: petroli hutanuka karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto, na gari lililojazwa alfajiri kwa nyuzi 20 likaachwa juani hadi nyuzi 40 litahitaji nafasi ya zaidi ya lita moja. Kwa kawaida asilimia 5 hadi 10 huachwa kwa kushusha mdomo wa kujazia chini ya dari ya tangi. Ndani huwekwa kuta zenye matundu ili kuvunja mawimbi, la sivyo katika kona za barabara mafuta hukimbilia upande mmoja na mrija wa kuvuta hubaki ukinywa hewa. Mrija huo uishie milimita 12 hadi 15 juu ya sakafu, na sakafu yenyewe iwe na kishimo chenye bolti ya kumwagia maji na mashapo. Kwa mafuta ya dumu, kishimo hicho ni cha lazima.

Kisha kuna tundu la kupumulia. Ni dogo, na ndilo linalosahaulika zaidi. Mafuta yakitoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi. Isipoingia, tangi hujenga mvuto wa ndani unaopingana na pampu, na gari huzimika baada ya mwendo fulani. Dereva hufungua kifuniko ili kuona kama mafuta yapo, husikia hewa ikivutwa, hufunga, huwasha, na gari linakwenda tena kana kwamba halikuwa na kitu. Tundu lipelekwe juu kwa mrija, na liwe na vali inayofunga gari likipinduka.

5.0 Njia ya mafuta

Bomba la chuma au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, lenye kipenyo cha milimita 8, linatosha kwa injini tunayoizungumzia. Lipite upande wa ndani wa fremu, mbali na bomba la moshi, na lishikwe kwa vibano kila baada ya sentimita 30 hadi 40. Linapopenya bati, tundu livikwe mpira. Bomba lisiloshikwa hutetemeka, na barabara ya vumbi yenye mikunjo hulikata kama msumeno.

Mpira utumike pale tu ambapo pana mtikisiko, kati ya fremu na injini, na uwe umepigwa chapa ya petroli. Kwa mfumo wenye ethanoli daraja la SAE J30R9 ndilo linalofaa. Mrija wa plastiki angavu, ule ambao kila duka linao na kila dereva anaupenda kwa sababu anaona mafuta yakipita, hukakamaa kwa joto na kupasuka. Hata mwisho wa bomba la chuma una kanuni yake: lazima uvimbishwe kidogo ili mpira usichomoke chini ya kibano.

Filta moja kabla ya pampu, yenye tundu pana, hukamata mchanga. Ya pili, nyembamba zaidi, huwekwa kabla ya kabureta. Land Rover ilikuja na pampu ya mitambo iliyoendeshwa na mhimili wa kamu, yenye glasi ya mashapo chini yake na mkono mdogo wa kujazia. Glasi hiyo ni kifaa bora kuliko filta nyingi za leo kwa mafuta ya Arua, kwa sababu maji huonekana ndani yake. Hata pampu ya umeme inapofungwa, tunashauri glasi ya mashapo ibaki kwenye njia.

6.0 Pampu na umeme wake

Kwa nini basi pampu ya mitambo iondolewe? Mara nyingi haina sababu ya kuondolewa, na mwandishi anaamini kwamba nusu ya pampu za umeme zilizofungwa katika magari makongwe zilifungwa kwa mapenzi ya kitu kipya. Zipo sababu mbili nzuri. Moja ni kiwambo chake cha mpira: kikipasuka, petroli huweza kushuka ndani ya injini na kuyazimua mafuta ya kulainishia. Nyingine ni mvuke. Pampu ya mitambo iko kwenye injini na huvuta mafuta kutoka mbali. Kuvuta hupunguza msukumo ndani ya bomba, na sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 tu. Gari lililopakia vizuri huteremka kutoka Arua, iliyo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hadi Pakwach kando ya Naili, zaidi ya mita 500 chini na kwenye joto kali zaidi. Likisimama kidogo sokoni na kuanza kupanda kurudi, bomba limejaa mvuke badala ya mafuta. Pampu hupiga povu.

Pampu ya umeme hutatua tatizo hilo kwa sababu huwekwa karibu na tangi na chini ya usawa wa mafuta, ikasukuma badala ya kuvuta. Mrija wa kurudisha mafuta tangini husaidia zaidi, kwani mafuta hayakai kwenye joto la injini. Kidhibiti msukumo huwekwa karibu na kabureta na kurekebishwa hadi kilopaskali 20 hivi.

Kabla ya waya wowote kuunganishwa, betri itazamwe. Land Rover za kabla ya mwaka 1967 hivi zilikuwa na upande chanya uliounganishwa na bodi, kinyume na magari ya sasa. Pampu ya kielektroniki ikiunganishwa bila kujua hilo huungua papo hapo. Waya upite kwenye rele, na fyuzi ya ampea 10 ikae karibu na betri, si karibu na pampu, kwa kuwa fyuzi hulinda waya.

Kinachofuata ndicho ambacho hatungependa msomaji akiruke. Pampu ya mitambo husimama injini inaposimama. Ya umeme haisimami. Gari likigonga na bomba likakatika huku swichi ikiwa imewashwa, itaendelea kumwaga lita moja kila dakika juu ya ajali. Kwa hiyo waya wa rele upitishwe kwenye swichi ya mafuta ya injini, ambayo hukata injini inapopoteza msukumo wa mafuta ya kulainishia, na pia kwenye swichi ya mgongano, ambayo huruka gari likipigwa kwa ghafla. Swichi zote mbili hupatikana katika magari chakavu, na gharama yake haifikii ya kupaka rangi mlango mmoja.

7.0 Kabureta na mwinuko

Kabureta ya Zenith 36IV iliyofungwa katika Land Rover nyingi ina ugonjwa unaofahamika: kipande chake cha ndani hupinda kwa joto, na pete ndogo ya mpira iliyo kati yake na kifuniko hushindwa kuziba. Mafuta hupenya pasipotakiwa, injini hula petroli na kutoa moshi mweusi. Fundi hubadilisha pampu, hubadilisha plagi, na tatizo hubaki. Dawa ni pete mpya na kusugua uso uliopinda juu ya karatasi laini ya msasa iliyolazwa kwenye kioo bapa.

Mwinuko nao una hesabu yake. Kwenye mita 1,200 hewa ina uzito wa karibu asilimia 89 ya ile ya pwani. Kabureta haipimi uzito wa hewa bali kasi yake, hivyo mchanganyiko huwa na petroli zaidi kwa asilimia 6 hivi. Jeti kuu iliyochaguliwa Mombasa itakuwa pana kidogo kwa Arua, na kupunguza kipenyo chake kwa asilimia 3 kunatosha. Kupunguza zaidi kunaleta hatari kwa gari litakaloteremka Pakwach, ambako hewa ni nzito na mchanganyiko utakuwa mkavu, injini ikakohoa na vali zikaungua.

8.0 Kujaribu

Mfumo hujaribiwa kabla ya injini kuwashwa. Waya wa koili huchomolewa ili pasiwe na cheche, bomba huondolewa kwenye kabureta na kuelekezwa ndani ya chombo cha chuma kilichowekwa chini ardhini, kisha pampu huendeshwa kwa dakika moja kamili. Lita moja au zaidi inakubalika. Ikipungua, tatizo hutafutwa kuanzia nyuma: tundu la kupumulia, filta ya kwanza, mpira uliobanwa. Hapo ndipo wingi umepimwa. Baadaye bomba hurudishwa, geji huunganishwa kabla ya kabureta, na msukumo husomwa njia ikiwa imefungwa. Vipimo hivyo viwili viandikwe pamoja kwenye kadi ya gari, kila kimoja kwa jina lake, kwa lugha ambayo fundi wa Koboko au Ariwara ataisoma bila mkalimani.

Pampu iachwe ikifanya kazi dakika kumi huku injini imezimwa, na kila kiungo kipanguswe kwa karatasi kavu. Kiungo kinachovuja kidogo hakionekani kwa macho, lakini karatasi hulowa. Kizima moto cha unga kiwe mkononi mwa mtu mwingine, siyo ndani ya gari. Baada ya kilomita 100 glasi ya mashapo ifunguliwe, na baada ya kilomita 500 filta ya kwanza ikatwe na kutazamwa: kutu ya rangi ya chai inatoka kwenye tangi, vumbi jeusi linatoka kwenye mpira usiofaa, na matone ya maji yanatoka kwa muuzaji.